Sahani Yenye Alama ya Pembe

"Ile pale, iliyochorwa pembe!" Robi alimwonyesha mpishi. Mama huyo alikuwa ametembea tangu alfajiri kutoka Kenyamonta kuja kumwona mwanawe.

Katika hoteli ya Mgiriki pale mgodini Kerende, kila mchimbaji alikuwa na sahani yake ya bati. Kila alipotoka shimoni aliitungua mwenyewe msumarini, akapakuliwa kaunta. Mchana huo misumari yote ilikuwa mitupu, isipokuwa mmoja, wa sahani ya pembe.

"Shikamoo, mama," mpishi alisema, akiitungua.

"Marahaba. Nipakulie humo humo. Mwanangu aliniambia nikija nile kwenye sahani yake."

Wanaume waliopanga foleni wakavua kofia, wakampisha. Robi akafurahi: kumbe hata huku mgodini wazazi bado wanaheshimiwa.

Maharage yalielea kwenye mafuta ya zeituni, na juu yake mpishi aliweka mnofu mkubwa ambao Robi hakuuagiza. Robi akala polepole, akisifu. Kisha, kama alivyofanya tangu alipomwachisha mtoto ziwa, akagawa chakula katikati kwa kidole, akaisukuma sahani.

"Hiki mfunikie. Akitoka shimoni atakuwa na njaa."

Mpishi hakuigusa. Hoteli nzima ilikuwa imeacha kutafuna.

"Kula chote, mama."