Sauti ya Ukutani

Kila nyumba yenye mgonjwa wa Parkinson ilipaswa kuwa na muuguzi wa ukutani, mashine ya kukumbusha dawa, na muuguzi huyo alisema kwa sauti ambayo mgonjwa aliitii kuliko zote. Kwa Sefu, mashine ilichagua sauti ya mkewe, Mwanahawa, iliyotolewa kwenye video ya harusi yao.

"Sefu wangu, meza dawa kwanza. Maharage baadaye, yasije yakaizuia kufanya kazi," ukuta ulisema kila adhuhuri. Sefu alitabasamu, akameza.

Mwanahawa alisikia yote kutoka jikoni. Sauti ilikuwa yake, tabasamu halikuwa lake.

Siku moja umeme ukakatika.

"Baba Nasra, fungua mdomo," Mwanahawa alisema. "Ukichelewa utakauka kama gogo."

Sefu aliukodolea macho ukuta. "Namngoja mke wangu."

"Mkeo nani kama si mimi, wewe mzee?"

"Wewe mkali. Yule hanifokei."

Vidole vya Sefu vilikuwa vimeanza kukakamaa. Mwanahawa alimwekea kidonge kiganjani na maji karibu, akatoka, akasimama nyuma ya pazia la mlango. Akaitafuta sauti yake ya ubiharusi.

"Sefu wangu," aliita polepole, "meza dawa kwanza."

"Naam, mpenzi." Glasi iligonga meno, maji yakashuka. "Umechelewa leo. Zungumza nami kidogo, kabla yule mama hajarudi."

Mwanahawa alilishika pazia, asilifungue.

"Nipo," alisema.