Atakayebebwa Juu

Wagombea wawili walisimama wameelekeza nyuso ukutani kama watoto waliopewa adhabu. Ndivyo wafanyakazi wa kiwanda kile cha nguo walivyomchagua mwenyekiti wa tawi lao la umoja wa wafanyakazi: unapanga mstari nyuma ya umtakaye, na mgombea marufuku kugeuka mpaka watu wahesabiwe.

Mtunza stoo, mmoja wa wagombea hao, hakuwa na haja ya kugeuka. Miaka nenda rudi alisikia viatu vikienda upande wa pili, kwa Spana, fundi mitambo, mume wa dada yake. Kisha Spana anabebwa mabegani kwa nyimbo mpaka nje ya geti. Alimwonea wivu, asiseme uongo. Hata mama yake mzazi, wageni wakija, alianza kumsifu mkwe. Yeye wa kumzaa alikumbukwa chai ikishapoa.

Safari hii alikuwa amejipanga. Spana alitaka tawi lijitoe kwenye chama tawala, na wakubwa wa chama hawakutaka hata kulisikia hilo. Mtunza stoo akaenda kwa katibu wa chama, akamwaga mtama wote. Katibu akasema vijana watakaokuja kumchukua mtu huyo wanatoka mbali, hawamjui yeyote. Watamtambuaje?

"Atakayebebwa juu kutoka getini, ndiye huyo huyo," alijibu. "Wala wasipoteze muda kumuuliza jina."

Na kwa katiba ya tawi, mshindi asipokuwepo, kiti anakikalia mpinzani wake.

Jana yake dada yake alimlalamikia kwamba mumewe amechoka, usingizi hapati, anatamani kupumzika. Mtunza stoo akacheka kimoyomoyo. Atapumzika sana tu. Na asubuhi, kutoka dirisha la stoo, aliwaona watu wamemzunguka Spana kwenye mashine wakitikisa vichwa. Kampeni za dakika ya mwisho, alijisemea, akasaga meno.

Sasa viatu vikaanza kuburuzika sakafuni. Vilisikika karibu, karibu mno. Mtu akahema kisogoni pake, na mkono mzito unaonuka grisi ukamshika bega.

"Shemeji," ilikuwa sauti ya Spana, "nimewaomba wote waje kwako. Walibisha, lakini nikawaambia huyu hajakata tamaa miaka yote hii. Ile hoja ya kujitoa, wewe ndiye wa kutufikisha."

Mtunza stoo akageuka. Upande wa pili ukumbi ulikuwa mweupe, hata paka hayupo. Akataka kusema hataki, anaumwa, kafiwa, lolote lile, lakini nyimbo zilishamzidi sauti na miguu yake ilishaachana na sakafu.

Akiwa juu ya mabega, pale alipopatamani maisha yake yote, aliliona geti likifunguliwa, na nje yake gari lisilo na namba, mlango wa nyuma ukiwa wazi.