Mtumiaji wa Kwanza

Wenye mtandao wa kijamii walitupa muda hadi saa kumi jioni: tufute jumbe zote ambazo programu yetu ilichota kwenye akaunti za watu, la sivyo tufungiwe. Programu yenyewe ni ya kukumbusha siku za kuzaliwa. Tulihitaji tarehe tu. Jumbe tulizizoa kwa uroho.

"Weka tiki kwenye fomu yao kwamba tumefuta," alisema mwenzangu, akilamba vidole vyenye mafuta na kuvipangusa kwenye kibodi yangu. "Watajuaje? Nakala ninayo."

"Hizi ni siri za watu, kaka."

"Siri gani! Kwani nani anazisoma?"

Nilifungua faili. Mtumiaji wa kwanza alikuwa mama yangu, maana kila programu huwa tunaijaribia kwa ndugu zetu. Sikusoma hata mstari. Nilifuta jumbe zake zote.

Mwenzangu alitafuna, akameza, akanishika bega kwa vidole vile vile.

"Usinune basi, dada. Vipi, mama anaendeleaje na ule uvimbe wa titi?"

Herufi za kibodi zilikuwa zinang'aa mafuta.

"Uvimbe gani?" nikamuuliza.