Kadi ya King'ora

Mvua ilinyesha tangu alfajiri, na jioni hiyo ofisini, walikotengeneza programu ya kuendesha ving'ora vya mji, walikuwa wanafunga awamu ya kazi. Desturi yao ilikuwa kwamba kadi zote za kazi kwenye skrini zikigeuka kijani, wanapiga makofi na toleo jipya linatoka.

Ilibaki kadi moja nyekundu. Mashavu aliiandika mwenyewe: king'ora cha mafuriko hakilii umeme ukikatika.

"Isogeze awamu ijayo, dada," alisema Kizito, mkuu wao, macho kwenye simu.

"Bosi, awamu iliyopita tulisema hivyohivyo. Na kile cha zamani cha kuzungusha kwa mkono tumeshaking'oa. Watu wa bondeni watasikia nini?"

"Manispaa nimewaahidi leo. Isogeze."

Mashavu aliwatazama wenzake. Kila mmoja alikuwa ameinamia kompyuta yake kama aliyedondosha sindano. Mama yake aliishi huko bondeni, lakini alishachoka kuwa yeye tu wa kuwaharibia watu siku. Akaishika ile kadi kwa kipanya, akaiburuta hadi awamu ijayo, akaiachia. Safu nzima ikawa kijani. Wakapiga makofi, na yeye akapiga.

Makofi hayajaisha, taa zikazimika mji mzima.

Kizito alifungua dirisha, akatega sikio. Kutoka bondeni yalisikika maji tu. Kompyuta ya Mashavu ilikuwa bado na chaji. Iliendelea kuwaka peke yake gizani, na kwenye skrini kila kitu kilikuwa kijani.