Mpiga Tarumbeta wa Nyololo

Mzee Sosthenes Kalinga alimkataa ng'ombe kabla hajashushwa garini.

"Mrudishe," alimwambia mgeni. "Mimi sikudai kitu."

Makoye Budeba alibaki ameduwaa, kamba mkononi. Alikuwa ametoka Usangu tangu alfajiri na mtamba huyo, mzuri kuliko wote zizini mwake, na sasa ukungu wa Nyololo ulikuwa ukimlowesha yeye na mnyama. Faustina, binti wa mzee, ndiye aliyetoka kumwamkia. Akamkaribisha jikoni, akamsogezea kigoda karibu na moto. Baba yake akawafuata polepole, akaketi upande wa pili wa mafiga.

"Usimchukie," Faustina alisema akimimina chai. "Mambo ya Vita vya Kagera hatusimulii hata sisi. Tunajua tu alikuwa bendi ya jeshi. Hapa kijijini wanamwita Tarumbeta. Wanasema wenzake walikwenda kupigana, yeye alikwenda kupuliza."

"Wanaosema hivyo hawajui," Makoye alijibu.

Akaeleza alichosikia redioni wiki mbili nyuma, katika kipindi cha historia ya bendi za jeshi. Mtangazaji alisema wengi hawajui kwamba vita vilipopamba moto, wapiga bendi wa kikosi kimoja waliweka chini tarumbeta na ngoma, wakapewa kazi ya kubeba majeruhi. Akataja wachache ambao bado wako hai. Aliposikia jina la Kalinga wa Nyololo, Makoye alizima pampu ya maji, akakaa kwenye tuta la jaruba la mpunga na kulia.

"Miaka arobaini na zaidi namtafuta. Nilikuwa na jina moja tu, Kalinga, na huku kina Kalinga ni wengi kama misonobari."

Mzee Sosthenes alisukuma kuni motoni.

"Bomu lilipiga handaki letu," Makoye aliendelea, akimwambia Faustina. "Tulilazwa wawili kando ya barabara, mimi na askari nisiyemjua, matope mwili mzima, nyuso zimefungwa bandeji. Taya yangu ilikuwa imevunjika, sikuweza kusema. Mwenzangu naye alikuwa anakoroma tu. Machela zilikuwa zimekwisha. Baba yako akaja mbio, akainama, akanichukua mimi. Alinibeba mgongoni kutoka asubuhi mpaka jioni, kwenye mvua."

Aligusa kovu lililokata kidevu chake.

"Kila nilipotaka kukata tamaa, nilimsikia. 'Vumilia, mdogo wangu. Mama anatusubiri.' Mimi Msukuma, hajawahi kuniona, lakini aliniita mdogo wake. Mtoto wangu wa kwanza nimempa jina lake. Ana watoto wanne sasa."

Faustina alimtazama baba yake kana kwamba ameletewa mtu mwingine nyumbani. "Baba, kwa nini hukusema? Umewaacha watu wakucheke miaka yote hii?"

Mzee alinyanyuka, akaenda kusimama mlangoni, akawapa mgongo.

"Kuna jambo moja linaninyima raha," Makoye alisema, sauti ikishuka. "Yule mwenzangu. Waliporudi kumchukua kesho yake, walimkuta ameshakufa. Nilipopona nikaambiwa. Alikuwa anapumua kama mimi, mzee. Labda kunishinda mimi. Kila nikimshika mjukuu najiuliza aliniachia nafasi kwa lipi. Nimekuja kushukuru, ni kweli, lakini nimekuja kuuliza pia. Uliona nini kwangu, ukanichagua mimi?"

Nje, mtamba alilia mara moja, akanyamaza.

Mzee Sosthenes aligeuka. Kwa mara ya kwanza tangu mgeni afike, alimtazama usoni, akamtazama kwa muda mrefu.

"Niliambiwa mdogo wangu Aroni ni mmoja wa wale wawili," alisema. "Nikadhani ni wewe."