Khanga Juu ya Boksi

Bi Salme alimshika kifaranga wa mwisho, bwana mifugo akaibana ngozi ya shingo na kumchoma sindano. Wenzake walikuwa wanalia ndani ya boksi.

"Na wale wakubwa?"

Bwana mifugo alitazama bandani. Jogoo mwekundu alikuwa amelala ubavu, mguu mmoja mbele, mwingine nyuma. Kuku kumi na wanne walikwisha kufa hivyohivyo.

"Wale chanjo haiwasaidii tena, mama. Okoa hawa. Wiki nzima wasikaribie banda. Ugonjwa unasafiri na vumbi la manyoya."

"Nimenawa mpaka viwiko, mwanangu. Hata kandambili nimebadili. Hawa ndio walionibakia."

Alilibeba boksi mwenyewe hadi jikoni, akaziba ufa wa mlango kwa gunia jipya. Kulikuwa na baridi, vifaranga wakajikunyata pembeni. Akavua khanga begani, akawafunika vizuri.

Bwana mifugo, aliyekuwa anafunga begi lake, alisimama ghafla.

"Mama, hiyo khanga si ndiyo uliyombebea jogoo nilipofika?"

Bi Salme alikuwa amemfunga jogoo kifuani asubuhi nzima, kama mtoto mwenye homa, akimbembeleza anywe maji. Aliinyakua khanga kwa mikono miwili.

Kinyoya chekundu kilichomoka kwenye pindo, kikapanda kwenye mwanga wa dirisha, kisha kikaanza kushuka taratibu. Bi Salme alikinga viganja juu ya boksi, hathubutu hata kupumua.