Chai ya Ukweni

Funda la kwanza lilininata kooni kama asali. Tulikuwa ukweni Ndhiwa, asubuhi ya mwaka mpya wa 1996, na kwao mkwe hutiliwa sukari bila kipimo. Ndiyo heshima yenyewe. Kikombe hakirudi mezani kikiwa na chai.

Miaka nenda miaka rudi, kila Januari, nilimwapia mke wangu Akeyo kwamba sukari basi. Kiapo hakikuwahi kufika jioni. Mwaka uliopita nilichoka kujidanganya, sikuapa. Nikawa nakunywa chai yangu nyumbani Homa Bay kama kawaida, tena naisifu. Anayetia sukari ni Akeyo.

Sasa utamu huu ulikuwa unanitoa machozi. Nikamtazama. Ameinamisha kichwa, mabega yanamtetemeka kwa kicheko.

"Umekuwa ukinipunguzia?" nikanong'ona. "Tangu lini?"

"Tangu Januari ile uliyoacha kuapa." Akasugua kidole gumba na cha shahada, kama mtu anayedondosha punje moja moja. "Kidogo kidogo tu, baba."

Mama mkwe akainua birika. "Mkwe wetu, nikuongeze?"

"Mwongeze, Mama," Akeyo akasema. "Anaipenda sana."